Kuirudishia Mizizi Pumzi: Miti ya Kudumu Baada ya Mafuriko ya Rufiji

Mafuriko si jambo geni katika bonde la Mto Rufiji. Mto huu hupokea maji kutoka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 170,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua inayonyesha Iringa, Njombe, Mbeya na Morogoro huteremka kwa njia ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu, kisha maji yote hupita Utete na Ikwiriri kabla ya kugawanyika katika mikono mingi ya delta na kuingia baharini. Ndiyo sababu bonde huweza kujaa maji hata siku ambazo jua linawaka Kibiti. Warufiji walijifunza zamani kuishi na hali hiyo. Walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Walipanda mpunga kabla ya maji kujaa, na maji yalipopwa walipanda mahindi, kunde na maboga katika udongo mpya wenye unyevu na rutuba. Kilimo hicho cha baada ya mafuriko huitwa mlao.

Mlao, hata hivyo, ni kilimo cha mazao ya msimu. Mkulima aliyepoteza mahindi mwezi Aprili anaweza kupanda tena mwezi Juni. Aliyepoteza mnazi mrefu wa Afrika Mashariki atangoja miaka 6 hadi 8 ndipo aone nazi ya kwanza ya mti mpya, na mkorosho uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno kamili. Kwa hiyo hasara ya miti ya kudumu huendelea kuiumiza familia muda mrefu baada ya maji kuondoka.

Jambo hili lilijitokeza waziwazi katika msimu wa mvua za El Niño wa 2023/2024. Mwezi Aprili 2024 maji yalifunika makazi na mashamba mengi ya Wilaya za Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 nchini. Mbele ya msiba wa namna hiyo, habari za miti huonekana kuwa ndogo. Lakini maji yakishapungua, watu hurudi shambani na kukuta miti imesimama katika tope, majani yakiwa ya manjano au yamepukutika yote. Hapo huzuka swali ambalo halina budi kujibiwa: je, mti huu ukatwe, au uachwe?

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu na mwanafunzi kulijibu swali hilo kwa msingi wa elimu ya viumbe na kemia ya udongo. Hoja yetu kuu ni kwamba mti uliofurikiwa huumizwa hasa na ukosefu wa hewa kwenye mizizi. Kwa hiyo kila kazi inayokusudiwa kufanywa shambani baada ya mafuriko ipimwe kwanza kwa swali moja: je, kazi hii itaongeza hewa kwenye mizizi, au itaipunguza?

MIZIZI NAYO HUPUMUA

Wanafunzi wengi hukumbuka kwamba majani hutengeneza chakula kwa usanisinuru na kutoa oksijeni. Husahau kwamba kila seli hai ya mmea, mchana na usiku, huhitaji oksijeni ili kupata nguvu kutokana na sukari. Seli za mizizi ziko gizani, haziwezi kujitengenezea oksijeni. Huipata katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo.

Udongo ukijaa maji, nafasi hizo huzibwa. Lita moja ya hewa ina miligramu 270 hivi za oksijeni, lakini lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi haiwezi kushika zaidi ya miligramu 8 hivi. Tena oksijeni husambaa katika maji polepole mno, takriban mara 10,000 chini ya kasi yake katika hewa. Kile kidogo kilichomo huliwa upesi na mizizi pamoja na bakteria, wala hakirudishwi kwa wakati.

Joto huzidisha tatizo. Katika nchi za baridi mimea mingi ya bustani hulala wakati wa kipupwe. Mizizi yake hupumua kidogo sana, na huweza kustahimili udongo uliojaa maji kwa majuma kadhaa. Katika udongo wa joto wa Rufiji mizizi na bakteria hufanya kazi kwa nguvu, na oksijeni inaweza kwisha katika muda wa saa chache hadi siku mbili. Ushauri wa vitabu vya bustani vya Ulaya, kwa hiyo, hauwezi kuchukuliwa hapa bila kufikiriwa.

Oksijeni ikiisha, seli za mzizi hugeukia uchachushaji. Kwa njia hiyo molekuli moja ya sukari hutoa molekuli 2 tu za ATP, badala ya 30 au zaidi zinazopatikana kwa kupumua kwa oksijeni. Sukari huisha haraka, alkoholi na asidi hukusanyika, na ncha za mizizi, ambazo ndizo zinazofyonza maji na madini, hufa kwanza.

Wakati huohuo udongo wenyewe hubadilika. Bakteria wasiopata oksijeni hutumia vitu vingine badala yake, kwa utaratibu maalumu. Kwanza nitrati hugeuzwa kuwa gesi ya nitrojeni na kupotea hewani, kisha huja zamu ya manganisi na chuma, na baadaye salfeti, ambayo hugeuzwa kuwa haidrojeni salfaidi. Gesi hii ndiyo yenye harufu ya yai bovu, na ni sumu kwa mizizi. Mkulima anayenusa udongo wake baada ya mafuriko anafanya, kwa pua yake, uchunguzi halisi wa kemia.

KIU KATIKATI YA MAJI

Jambo linalowashangaza watu ni kwamba mti uliosimama majini hunyauka kana kwamba uko jangwani. Mwaka 2003 watafiti walieleza sehemu ya siri hiyo. Oksijeni inapokosekana, utomvu wa ndani ya seli za mizizi huwa na asidi zaidi, na asidi hiyo hufunga milango midogo ya protini ambayo maji hupitia kuingia katika seli. Maji yamejaa nje ya mzizi, lakini hayaingii.

Mzizi uliokosa hewa pia hupeleka juu kemikali ambayo majani huigeuza kuwa ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Ethilini hufanya majani yainame, yageuke manjano na kupukutika. Basi kupukutika kwa majani si ushahidi wa kifo. Mara nyingi ni njia ya mti kupunguza matumizi ya maji wakati mizizi haiwezi kuyaleta.

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mtu akiona mti umenyauka, huumwagilia maji. Akiona majani ya manjano, huutia samadi nyingi. Kwa kipimo chetu cha hewa, mambo yote mawili ni hatari. Maji huzidi kuziba nafasi za udongo. Samadi mbichi, inapooza, huwalisha bakteria wanaokula oksijeni kidogo iliyoanza kurudi.

MIMEA HAIFANANI

Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na mikoko ni mwalimu mzuri wa somo hili. Mchu na mlilana huishi katika tope lisilo na oksijeni kwa sababu huchomoza juu vijiti vingi vya kupumulia. Mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui huvuta hewa kwa vitundu vilivyo kwenye mizizi hiyo, juu ya tope. Mimea hii haikushinda hitaji la hewa, bali imejijengea mabomba ya kuipeleka chini.

Miti ya mashambani hutofautiana sana. Mpapai ni dhaifu kuliko yote, kwani siku mbili za maji yaliyotuama zinaweza kuua mizizi yake. Mgomba nao huumia upesi. Mkorosho hupenda udongo wa mchanga usiotuamisha maji, kama ule wa nyanda za juu za Kibiti na Bungu, na hauvumilii kusimama katika maji. Mnazi ni mstahimilivu, hata wa chumvi kiasi, mradi maji yawe yanatembea. Maji yanayotembea huleta oksijeni mpya, lakini maji yaliyotuama hukaa na umaskini wake.

Mwembe una hila yake. Katika majaribio yaliyofanywa Florida, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, miche mingi ya miembe iliyofurikishwa ilivimbisha vitundu vya kupumulia, yaani lentiseli, kwenye shina juu kidogo ya maji. Ile iliyofanya hivyo ilidumu kuliko isiyofanya, na lentiseli zilipozibwa kwa mafuta mazito miche ilikufa. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi vivimbe hivyo vyeupe kwenye shina la mwembe uliosimama majini.

Kwa michungwa, jambo kubwa ni shina la chini ambalo chungwa limebebeshwa. Mlimau mkali, unaotumiwa sana, hushambuliwa kwa urahisi na Phytophthora, kimelea kinachoozesha mizizi na gome la chini, na ambacho mbegu zake zenye mikia huogelea katika maji ya udongo. Mdanzi huvumilia zaidi unyevu na kimelea hicho, lakini mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi huweza kuangamizwa na virusi vya tristeza. Hakuna shina lililo salama kwa kila hatari.

KUUTAMBUA MTI ULIO HAI

Kabla ya kushika shoka, mti upimwe. Kwa mkorosho, mwembe na mchungwa, kwaruza gome kidogo kwa kisu safi, ukianzia kijitawi cha juu na kushuka hadi shinani. Chini ya gome kuna tabaka jembamba linaloitwa kambiamu, ambalo ndilo linalokuza mti kwa unene. Tabaka hilo likiwa bichi, lenye unyevu na rangi ya kijani au nyeupe, sehemu hiyo ni hai. Likiwa la kahawia na kavu, imekufa. Mti uliokufa matawi lakini ukawa hai shinani bado unaweza kuchipua.

Mnazi hauna kambiamu, wala hauna chipukizi jingine ila lile moja lililo kileleni. Hivyo angalia kuti changa lililo katikati. Likiwa limesimama imara na la kijani, mti una matumaini, hata kama makuti ya chini yameanguka na vidaka vimepukutika. Likivutwa kidogo na kutoka lenyewe, likiwa limeoza na kunuka, mnazi huo hauwezi kupona. Kwa mgomba, shina la juu si kitu cha kusikitikia, kwani uhai uko katika tunguu lililo ardhini. Likiwa gumu na jeupe, litatoa machipukizi.

Chimba pia kidogo pembeni ya mti na utazame mizizi myembamba. Mizizi hai ni myeupe au ya manjano hafifu na haikatiki kwa urahisi. Iliyokufa ni ya kahawia au nyeusi, huteleza, na gome lake huvuka kama ala.

KAZI YA MAJUMA YA KWANZA

Kazi ya kwanza ni kuyaondoa maji yaliyotuama. Mifereji midogo ya kina cha sentimita 20 hivi, inayopita nje ya kivuli cha mti na kuelekea bondeni, hutosha mara nyingi. Mifereji mirefu ya kina kikubwa isichimbwe ovyo katika ardhi iliyokuwa ya mikoko. Udongo wa aina hiyo mara nyingi una madini ya chuma na salfa ambayo, yakifikiwa na hewa, hutoa asidi ya salfuriki na kuharibu shamba kwa miaka mingi.

Kazi ya pili ni kuondoa tope lililorundikana shinani. Tope la Rufiji ni neema kwa mahindi, lakini tabaka nene juu ya mizizi ya mti wa zamani ni kama kifuniko. Liondolewe kwa mkono au jembe dogo mpaka yaonekane mahali shina linapokutana na mizizi. Tope hilo lisitupwe, bali lipelekwe kwenye mashamba ya mlao.

Kazi ya tatu ni kutokanyaga. Udongo uliolowa hushindiliwa kwa urahisi na miguu, mifugo na matrekta, na ukishashindiliwa hewa haipiti. Chukua donge na ulifinye: likinata kama udongo wa mfinyanzi, ngoja, likimeguka, ingia. Hapo ndipo ukoko wa juu uvunjwe kwa uma, kina cha sentimita 5 tu, ili mizizi isikatwe. Katika udongo mzito wa bondeni, toboa matundu kwa mti uliochongwa, kina cha sentimita 30, kuzunguka ukingo wa kivuli, na uyajaze mchanga wa chembe kubwa.

MBOLEA, KUPOGOA NA MAJI

Majani ya manjano yanaonyesha kweli kwamba mti umepungukiwa na nitrojeni. Lakini mizizi isiyo na hewa haiwezi kuifyonza. Mbolea ingoje mpaka majani mapya yatokee, kisha itolewe kidogo kidogo kwa awamu. Samadi iwe imeoza kabisa.

Matawi yaliyovunjika na yaliyokufa yakatwe. Majani ya kijani yaachwe, kwa maana ndiyo yanayotengeneza sukari ya kujengea mizizi mipya. Matunda machanga yapunguzwe ili mti usigawe nguvu zake. Mashina yaliyobaki wazi kwa kukosa majani yapakwe chokaa ili jua lisiyaunguze.

Hatari iliyojificha huja baadaye. Mti uliopoteza nusu ya mizizi yake huonekana kupona mwezi Juni, wakati udongo ungali na unyevu. Kisha pepo za kusi huukausha udongo, na mizizi iliyobaki, mifupi na ya juujuu, haiyafikii maji ya chini. Mti uliookolewa mwezi Mei hufa mwezi Agosti, na watu huona ajabu. Kwa hiyo maji yaliyokatazwa mwanzoni hutakiwa wakati wa kiangazi: kiasi kidogo, mara kwa mara, udongo wa juu ukishakauka. Matandazo mepesi ya majani makavu yasaidie kutunza unyevu, yakiwa umbali wa viganja viwili kutoka shinani.

Mti wenye kambiamu hai usikatwe mpaka mvua za vuli zipite. Mkorosho ambao matawi yake yamekufa lakini shina ni zima unaweza kukatwa ubaki kisiki, na machipukizi yake yakabebeshwa vikonyo vya aina bora. Mti huo utazaa mapema kuliko mche mpya, kwa sababu una mizizi tayari.

Katika vijiji vya delta kuna adui wa pili, nayo ni chumvi ya maji ya bahari. Dalili yake ni kuungua kwa ncha na kingo za majani. Dawa yake kuu ni maji baridi ya mvua au ya mto yanayopita katika udongo na kutoka, kwa hiyo mifereji ni muhimu zaidi huko. Udongo wa mfinyanzi uliojaa sodiamu husaidiwa na jasi, madini ambayo huchimbwa Kilwa na Makanya. Kalisi ya jasi hushika nafasi ya sodiamu, udongo hurudi kuwa na chembechembe, na hewa hupita.

MAJARIBIO YA SHULENI

Jaribio la kwanza. Chukua makopo sita na uyajaze udongo uleule. Panda kunde katika manne na mpunga katika mawili. Miche ikifikia majani manne, funika udongo kwa maji katika makopo mawili ya kunde na yote ya mpunga. Makopo mawili ya kunde yaliyobaki yatobolewe chini na kumwagiliwa kwa kiasi. Andika kila siku hali ya majani. Baada ya siku 10 ng'oa miche yote, ulinganishe rangi na harufu ya mizizi, na uwaulize wanafunzi kwa nini mpunga haukunyauka. Mzizi wa mpunga ukikatwa kwa wembe na kutazamwa kwa lenzi utaonyesha mianya ya hewa.

Jaribio la pili. Tia udongo mwekundu katika chupa pana ya kioo, ongeza konzi ya majani yaliyokatwakatwa, jaza maji na ufunike bila kukaza. Baada ya wiki moja au mbili udongo utaanza kugeuka kijivu, kwa sababu chuma (III) chenye wekundu kimegeuzwa kuwa chuma (II). Fungua chupa nje ya darasa, na pua isikaribishwe mdomoni mwake. Tandaza udongo juani, na wekundu utarudi taratibu. Hivi ndivyo hewa inavyorudi shambani.

Jaribio la tatu. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 karibu na mti, ulijaze maji na upime muda wa kukauka. Rudia bondeni na kwenye mwinuko. Mahali ambapo maji bado yamo siku ya pili hapafai mkorosho, isipokuwa mche uinuliwe juu ya kichuguu cha udongo cha sentimita 50 hivi. Pengine hapo afadhali mnazi.

Matokeo hayo yaandikwe katika daftari la shule na kutunzwa pamoja na tarehe za maji kujaa na kupwa, na hali ya miti michache iliyochaguliwa. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022, huzuia sehemu ya tope na kubadili majira ya maji ya mto. Kwa hiyo uzoefu wa wazee, ambao ni hazina kubwa, sasa unahitaji kuongezewa vipimo vya kila mwaka. Shule za Kibiti, Ikwiriri, Utete na Nyamisati ziko mahali pazuri pa kuvichukua. Daftari la namna hiyo likitunzwa miaka 10 litamweleza mkulima ni mti gani upandwe wapi, na ni mti gani ulioonekana kufa uliwahi kuchipua tena.